KUSAFISHA SI KUPAKA RANGI: Diski «Machine Head» ya Deep Purple na kazi ya kutunza sauti za zamani

Pengine mutashangaa kukuta ndani ya kijitabu cha mila na desturi jina la kundi la rock la Waingereza. Hapa tumezoea kusema juu ya ngoma za mavuno, nyimbo za ndoa, mithali na majina ya mapacha. Sasa hard rock inatafuta nini kati yetu?

Sababu ni hii. Chama chetu kiko na sanduku la kaseti. Ndani yake mna sauti za wazee wetu, wanawake kwa wanaume, walioimba mbele ya radio ndogo ya kaseti, wengine chini ya mti, wengine jikoni. Wengi wao wamekwisha kufariki. Kaseti nazo zinazeeka: utepe unajikunja, sauti inafifia, vumbi linaingia. Tulipoanza kuzungumza namna ya kuziokoa, tukagawanyika mara moja. Upande mmoja ulisema: tuondoe kelele tu, tuache mengine yote vile yalivyo. Vijana wakakataa: «Hapana, bazee. Ile hakuna mutu atasikiliza leo. Tutie batri, tutie kinanda, njo bantu batapenda.» Tulibishana mpaka giza likaingia.

Ndipo mmoja wetu, mpenzi wa rock tangu masomo ya sekondari, akatoa wazo. Kabla ya kugusa sauti za mama zetu, alisema, tuangalie kwanza wengine walifanya nini na mali yao. Wiki iliyofuata akaleta «Machine Head» ya Deep Purple, chapa ya mwaka 1997, yenye CD mbili. Tukaketi, tukasikiliza yote, tukarudia, tukabishana tena. Maandiko haya yametoka katika kikao kile.

1. Diski iliyozaliwa karibu na moto

Mwaka 1971 Deep Purple walikuwa watu watano: Ian Gillan mwimbaji, Ritchie Blackmore kwenye gita, Roger Glover kwenye besi, Jon Lord kwenye kinanda cha Hammond, na Ian Paice kwenye batri. Mwezi wa Desemba walifika Montreux, mji mdogo wa Uswisi ulio kando ya ziwa Léman. Hawakutaka studio ya kawaida. Walitaka kurekodi ndani ya Kazino ya mji, ambayo ilikuwa karibu kufungwa kwa ajili ya majira ya baridi. Walikuwa wamekodi studio inayotembea ya Rolling Stones, yaani gari kubwa lenye mashini zote za kurekodi. Gari linakaa nje, nyaya zinaingia ndani.

Ilibaki konseri moja tu kabla ya Kazino kufungwa, ile ya Frank Zappa na kundi lake, tarehe 4 Desemba. Katikati ya muziki mtu mmoja akarusha fataki ya ishara juu ya dari. Moto ukashika. Claude Nobs, yule aliyeanzisha tamasha la jazz la Montreux mwaka 1967, alikuwa mmoja wa waliokimbia ndani ya moshi kuokoa vijana. Kwa neema hakuna aliyekufa, lakini Kazino iliteketea pamoja na vyombo vya Zappa. Deep Purple walitazama moshi ukitanda juu ya ziwa. Siku chache baadaye Glover aliamka asubuhi na maneno manne kinywani, «Smoke on the Water», maana yake moshi juu ya maji.

Basi wageni hawa walibaki na gari la kurekodi lakini bila nyumba. Wakapewa ukumbi mwingine, Pavillon. Walianza kupiga usiku, majirani wakalalamika, polisi wakaja kugonga mlango. Wasaidizi wa kundi walishika mlango usifunguke mpaka wanamuziki wamalize kupiga. Kile walichomaliza usiku ule ndicho kilichokuwa msingi wa «Smoke on the Water». Kiisha wakafukuzwa.

Mwishowe walipata Grand Hôtel, hoteli kubwa iliyokuwa tupu na baridi, imefungwa kwa majira yale. Wakafunga sehemu ya korido, wakaegemeza magodoro kutani ili sauti isirukeruke, wakapiga mule. Kutoka pale mpaka kwenye gari ilikuwa safari: kupita chumba kwa chumba, kutokea kwenye baraza, kuzunguka tena katika baridi. Kwa hiyo waliacha kwenda kusikiliza kila walichorekodi. Walipiga mpaka wenyewe wanasikia mioyoni kama imetosha. Mafundi wa sauti wakubwa hawakuwa wengi. Alikuwa Martin Birch ndani ya gari, na masikio yake. Mnamo tarehe 21 Desemba kazi ikawa imekwisha. Diski ikatoka mwezi wa Machi 1972: nyimbo saba, chini ya dakika 40.

Tumeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu tutairudia. Diski hii haikutengenezwa mahali popote tu. Ukuta wa hoteli uko ndani yake, baridi iko ndani yake, haraka ya usiku wa polisi nayo iko ndani yake.

2. Tunasikia nini ndani yake?

Tuseme ukweli: mwanzoni wengi wetu hatukupenda. Mama mmoja wa chama aliuliza kama watu hawa wanagombana. Tukamwomba avumilie. Ukisikiliza mara ya pili, unaanza kutambua mpango.

«Highway Star» inafungua diski kama basi linalotoka stendi bila kungoja abiria wa mwisho. Katikati yake kinanda kinasema kwa zamu yake, kiisha gita linasema kwa zamu yake, na kila kimoja kimepangwa nota kwa nota. Wenyewe walikubali kama walichota kwa Bach, mtungaji wa Kijerumani wa zamani ambaye wanakwaya wetu wanamjua vizuri. Hiyo ilitufurahisha. Kijana anayesema rock ilikata mizizi yote hajasikiliza vizuri.

«Maybe I'm a Leo» inatembea kwa uzito, Paice akichelewesha pigo kidogo sana, kama mtu mnene anayeshuka mlima kwa adabu. Ndani ya «Pictures of Home» besi ya Glover inapewa nafasi ya kusema peke yake, jambo ambalo ni haba katika muziki huu. «Lazy» inaanza na kinanda cha Lord peke yake. Lord alikuwa anapitisha kinanda chake katika vikuza sauti vya Marshall, vile vya magita. Ndiyo sababu kinanguruma badala ya kuimba kama kile cha kanisani. «Space Truckin'» inafunga diski kwa mchezo na kelele za furaha.

Ule tunaouona dhaifu ni «Never Before». Si mbaya, ila umetengenezwa ili upendwe upesi, na inasikika. Ajabu ni kwamba wenye diski waliuchagua uwe wa kwanza kutoka peke yake, wakati «Smoke on the Water» ulibaki unangoja. Huu wa pili ulitolewa peke yake Marekani mwaka 1973 tu, na ukapanda mpaka nafasi ya 4 katika orodha ya kule. Wakubwa wa biashara nao hukosea, tusiwaogope sana.

Na «Smoke on the Water» wenyewe? Kila mtoto anayeshika gita duniani hujaribu ile sentensi yake fupi. Wengi huipiga vibaya. Blackmore hapigi waya mmoja. Anavuta nyaya mbili pamoja kwa vidole, na hapo ndipo uzito unapotoka. Halafu angalia namna wimbo unavyojengwa. Gita linaita peke yake. Batri na kinanda vinaitika. Besi inaingia. Mwisho kabisa anakuja mtu na maneno. Mzee mmoja kati yetu, mpigaji wa ngoma tangu utoto, hakuhitaji maelezo. Alitikisa kichwa akasema: «Njo vile vile kwetu. Ngoma moja inaita kwanza, zingine zinaitikia, kiisha mwimbaji.»

Tena wimbo huu ni historia. Unasimulia tukio lenye mahali na watu wake, bila kupamba. Wazee wetu walifanya vile: mwaka wa njaa ulikuwa na wimbo wake, mwaka wa nzige ulikuwa na wimbo wake. Ndiyo maana hatuwezi kusema kama kurekebisha sauti ya wimbo wa namna hii ni kazi ya mafundi peke yao. Ushuhuda ukiguswa, wenye ushuhuda wanaulizwa.

3. Maneno mawili ambayo watu wanachanganya

Kwenye kava za diski za zamani zinazotolewa upya tunasoma mara nyingi kama sauti «imeremastiwa». Mtu analipa, anafika nyumbani, hajui amenunua nini. Tujaribu kueleza kwa mfano wa jikoni.

Wanamuziki wanaporekodi, kila chombo kinawekwa katika njia yake ndani ya utepe mpana: batri huku, besi huku, sauti ya mtu huku. Hizo ni kama bakuli za mama anayetaka kupika sombe: majani pembeni, karanga pembeni, mafuta ya mawese pembeni, chumvi pembeni. Kuchanganya, kule wanasema «mixage», ndiko kupika. Fundi anaamua gita lisikike kiasi gani, sauti ikae mbele au nyuma. Kikitoka jikoni, chakula kimekwisha kuwa kimoja. Huo ndio utepe mama.

Kuremasta ni kuchukua sombe iliyokwisha kupikwa na kuiandaa upya mezani: kuipasha moto vizuri, kuiweka katika sahani safi, kuondoa nzi. Huwezi tena kutoa chumvi. Kuchanganya upya ni jambo lingine kabisa: ni kurudi kwenye zile bakuli na kupika tena tangu mwanzo, kwa mkono mwingine, pengine kwa chumvi nyingine. Inaweza kuwa tamu. Lakini haiko tena sombe ya marehemu bibi.

Kuremasta kwenyewe pia kuna ubaya wake. Tangu miaka ya 1990, na zaidi katika miaka ya 2000, wafanyabiashara wa muziki walishindana nani diski yake inapiga kelele zaidi. Njia yao ni kuinua kila kilicho kidogo mpaka kilingane na kilicho kikubwa. Mwanzoni sikio linafurahi. Baada ya nyimbo tatu linachoka, maana hakuna tena kupumzika. Ni kama kikao ambamo kila mtu anasema kwa megafoni. Kinanda cha mwanzo wa «Lazy» ni kipimo kizuri: kinapaswa kuanza kama mtu anayesogeza kiti, kiisha kukua. Kama kinaanza tayari kikubwa, ujue fundi amepitisha pasi ya moto juu ya nguo yenye mikunjo ya makusudi.

4. Chapa ya 1997: mambo mema na kosa moja

Kwa kuadhimisha miaka 25 ya diski hii, mwaka 1997 walitoa CD mbili pamoja. Ya kwanza ina nyimbo zilizochanganywa upya na Roger Glover mwenyewe. Ya pili ina mchanganyiko wa zamani, ule wa 1972, uliosafishwa tu. Kila moja inasema wazi ni nini.

Hapo tunapiga makofi. Kwanza, aliyerudi kwenye bakuli si mgeni. Ni mmoja wa watano waliokuwa katika korido ile ya magodoro. Pili, na ndilo kubwa zaidi, hakuficha chungu cha zamani. Asiyependa upishi mpya anafungua CD ya pili, anakuta kile alichokijua baba yake. Msikilizaji hakulazimishwa, alipewa uchaguzi.

CD ya kwanza inafundisha mengi. Besi ya Glover imesogea karibu (mwenye mkono hujisaidia, tulicheka). Nyimbo ambazo zamani zilizimwa polepole sasa zinaendelea mbele kidogo, na unasikia wanamuziki wakiendelea kupiga baada ya mahali ambapo sisi tulidhani wamekwisha. Ni kama kufungua mlango wa nyuma wa jikoni. Tulipenda sana.

Wamerudisha pia «When a Blind Man Cries», wimbo wa pole uliorekodiwa siku zile zile lakini ukaachwa nje ya diski, ukawekwa tu nyuma ya «Never Before» kwenye diski ndogo. Kwetu sisi ni mmoja wa bora kabisa walizorekodi kule. Wengine kati yetu walisema kuurudisha ni kubadili diski. Wengi tukaona hapana, kwa sababu umewekwa mwisho, baada ya zile saba, kama mgeni anayekaa karibu na mlango. Ungewekwa katikati, tungekasirika.

Kosa liko wapi? Liko ndani ya «Smoke on the Water», wimbo mkubwa kuliko yote. Katika mchanganyiko mpya, solo ya gita si ile tunayoijua. Ni nyingine ambayo Blackmore alipiga siku zile, iliyokuwa imebaki ndani ya utepe. Ni halali, ni yake, hata ni nzuri. Lakini ile ya 1972 watu waliishika kichwani kama Baba Yetu. Wanaiimba kwa mdomo nota kwa nota. Tulipofika pale, mpenzi wetu wa rock alisimama kana kwamba mtu amemwamsha usingizini. «Iko muzuri,» akasema, «lakini haiko ile tulizobelea.»

Tulibishana sana juu ya solo ile. Upande wa vijana ulisema: kwa nini tusisikie alichopiga kweli? Kwani ile ya kwanza ilishuka mbinguni? Upande wa wazee ulijibu: ile ya kwanza ilichaguliwa na wenyewe, wakati wao wenyewe wako hai na wako pamoja, na kuchagua ni sehemu ya kutunga. Mwandishi hufuta maneno. Ukimwekea tena aliyoyafuta, umeandika kitabu kingine. Sisi tunakubaliana na wazee, ila tunaongeza neno moja: kosa hili linasameheka, kwa sababu CD ya pili iko palepale pembeni. Bila ile CD ya pili lingekuwa wizi wa heshima.

5. Chapa zilizofuata

Mwaka 2012, kwa miaka 40, walitoa sanduku kubwa zaidi, lenye mchanganyiko wa zamani uliosafishwa tena pamoja na ule wa Glover na mengine mengi. Mwaka huo huo Jon Lord aliaga dunia. Claude Nobs alimfuata Januari 2013, na Martin Birch mwaka 2020. Watu wa korido ile wanapungua, tepe zinabaki.

Mwaka 2024 likaja sanduku lingine, na mara hii aliyepewa bakuli ni Dweezil Zappa, mwana wa Frank Zappa. Baba yake alikuwa jukwaani usiku ule Kazino ilipowaka. Mwana anaketi zaidi ya miaka 50 baadaye kupanga upya sauti za wimbo uliosimulia moto ule. Mtu wa Afrika anaelewa maana ya jambo la namna hii bila kuelezwa. Tuseme hata hivyo: uzuri wa habari haugeuki kuwa uzuri wa sauti. Mmoja wetu aliye na jamaa Ulaya alituletea mchanganyiko huu kwenye simu. Vyombo vinatengana vizuri, kila kimoja na nafasi yake. Lakini tulisikia kama kundi limehamishwa kutoka korido ya hoteli kwenda katika ofisi mpya. Ukuta umepotea. Magodoro yamepotea. Watu watano waliokuwa wakibanana sasa kila mmoja yuko na meza yake.

Kuna hatari nyingine iliyozaliwa na intaneti. Kijana wa leo hanunui sanduku. Anaandika jina la wimbo kwenye simu, anabonyeza cha kwanza kinachotokea. Ni ule wa 1972? Wa Glover? Wa Zappa mdogo? Hajui, na mara nyingi hasomi maandishi madogo. Ndani ya sanduku mchanganyiko wa zamani na mpya vinakaa pamoja kama ndugu. Ndani ya simu vinatawanyika kama watoto wa mitaani bila jina la baba. Uaminifu wa chapa ya 1997 ulikuwa katika karatasi na katika ile CD ya pili. Ukiondoa hivyo viwili, anayekuja nyuma atachukua kipya akidhani ndicho cha zamani.

6. Na sisi?

Msomaji atasema: hayo ni mambo ya watu wenye pesa. Si kweli kabisa. Sisi watu wa Katanga ni majirani wa Copperbelt ya Zambia, ambako katika miaka ya 1970 vijana wa migodi walisikia Deep Purple na wenzao, wakatengeneza rock yao wenyewe, ile inayoitwa Zamrock. Diski za kundi la WITCH na mengine zilikaa miaka mingi bila mtu wa kuzitunza, mpaka wageni wa ng'ambo walipokuja kuzitafuta na kuzitoa upya. Zimeokoka, tunashukuru. Lakini aliyeamua zitasikika namna gani hakuwa mtu wa Kitwe.

Karibu zaidi: mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda pale Jadotville, Likasi ya leo, gita moja na sauti moja. Sauti ile inaishi kwa sababu Tracey alitunza tepe zake na kuandika nani, wapi, lini. Zimetunzwa Afrika ya Kusini, si kwetu. Nao watu wa Montreux walitunza tepe za tamasha lao mpaka UNESCO ikaziandika mwaka 2013 katika kumbukumbu za dunia. Rumba yetu nayo iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 kama urithi wa Kongo zote mbili. Ni heshima kubwa. Lakini heshima iliyoandikwa kwenye karatasi haizuii utepe kuoza ndani ya sanduku.

Basi tulirudi kwenye kaseti zetu na swali letu. Tulichukua moja, tukaisikiliza kwa masikio mapya. Ni mama mzee anaimba wimbo wa kutwanga. Nyuma yake kuna mchi wa jirani unaoanguka, kuku, mtoto anayelia mara moja kisha ananyamaza. Zamani tuliita vitu vile kelele. Kijana fundi wetu alikuwa tayari kuvifuta kwa kompyuta, na anaweza. Ni kazi ya dakika chache. Safari hii yeye mwenyewe akaondoa mkono. «Hii njo magodoro ya kwetu,» akasema.

Tulikubaliana mambo manne, nasi tunayaweka hapa ili vyama vingine vitusahihishe. Kwanza: kila kaseti inanakiliwa vile ilivyo, pamoja na makosa yake, na nakala ile haiguswi tena na mtu yeyote. Pili: katika nakala ya kusafisha tunaondoa mlio wa mashini na mikwaruzo ya utepe, kwa sababu hivyo ni vya kaseti. Mchi, kuku na mtoto vinabaki, kwa sababu hivyo ni vya mama. Tatu: vijana wakitaka kutia batri na kinanda, watie, wala tusiwazuie, ila katika CD ya pembeni, yenye majina yao na mwaka, na pembeni yake ile ya mama. Kabla ya hapo watoto wa mama watakuwa wameulizwa. Nne: kila sauti inaandikiwa nani aliimba, kijiji gani, siku gani, nani alishika kaseti.

Hatukukubaliana yote. Vijana wawili wanaona kama tunafunga muziki ndani ya jeneza. Mzee mmoja anaona kama ile CD ya pembeni itameza ile nyingine, maana watu watapenda yenye batri. Pengine kila mmoja ana haki. Glover naye hakuwapendeza wote.

Neno la mwisho

Juu ya «Machine Head» yenyewe hukumu yetu ni hii. Ni diski kubwa, yenye wimbo mmoja dhaifu na mmoja usiokufa. Anayetaka kuijua aanze na mchanganyiko wa 1972 uliosafishwa, ule ulio kwenye CD ya pili ya chapa ya 1997. Kiisha asikilize wa Glover, kama mtu anayetembelea jikoni baada ya kula. Ule wa 2024 anaweza kuungojea.

Juu ya sanduku letu, kazi imeanza. Mpaka kijitabu hiki kinakwenda kwa mpiga chapa, tumenakili kaseti kumi na moja. Mbili zilikatika mikononi mwetu, na hatutasikia tena kilichokuwa ndani yake. Kwa hiyo ninyi mulio na kaseti juu ya kabati, chini ya kitanda au katika gunia la vitu vya marehemu, musingoje tumalize kubishana. Zileteni.